"Dakta, roho yanidunda": lini na vipi umwandikie rufaa ya daktari wa moyo

Nimeshaona wagonjwa wakivuka feri kutoka Likoni na kikaratasi chenye neno moja: "mapigo". Wakifika, moyo ushatulia, hakuna wa kueleza ulivyokuwa. Huu ndio utaratibu ninaoufuata mimi katika zahanati.

Hatua ya 1: Mwambie agonge meza. "Nigongee vile roho inavyokupiga." Mama mmoja muuza viazi karai aligonga kwa vidole viwili, ta-ta-ta-ta, haraka na sawasawa, kisha akaviacha hewani ghafla. "Hukatika hivi, kama stima ikipotea." Mapigo ya mpangilio, 150 hadi 220 kwa dakika, yanayoanza na kukatika ghafla, fikiria kwanza SVT (moyo kwenda mbio kwa hitilafu ya umeme inayoanzia sehemu ya juu ya moyo). Anayegonga ovyo bila mpangilio wowote, shuku mtetemeko wa atria (vyumba vya juu vya moyo), hasa mzee, au kijana ambaye vali zake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Anayegonga, akaruka moja, kisha akagonga kwa nguvu, mara nyingi ni mapigo ya ziada tu.

Hatua ya 2: Shika mkono dakika nzima. Si sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Mapigo yasiyo na mpangilio yatakudanganya. Presha, joto, oksijeni, wekundu wa macho. Halafu ECG, mchoro wa umeme wa moyo, hata kama ametulia. Tafuta PR (muda wa umeme kutoka vyumba vya juu hadi vya chini) iliyo chini ya milisekunde 120 pamoja na QRS (wimbi la vyumba vya chini) inayoanza kwa mteremko, yaani WPW, moyo wenye njia ya ziada ya umeme, na QTc (muda wa umeme wa vyumba vya chini, uliorekebishwa kwa kasi ya moyo) iliyopita milisekunde 500.

Hatua ya 3: Uliza muguka, yale majani ya kutafuna. Muulize akiwa peke yake, si mbele ya mama mkwe. Tangu mvutano wa marufuku ya muguka hapa Mombasa mwaka 2024, wengi ninaowaona hawasemi mpaka uulize kwa upole. Muguka una kathinoni, ambayo hufanya kazi kama amfetamini, na mtu akiuchanganya na soda za kuongeza nguvu, moyo utakwenda mbio tu. Usisahau pampu ya pumu, dawa za mafua na kahawa tungu za baraza. Pima damu kama imepungua, tezi ya shingo, mimba, na potasiamu kwa anayetumia dawa za kukojosha.

Hatua ya 4: Amua.

Leo hii, kwa ambulensi: aliyezimia, hasa akiwa mbioni au uwanjani, hata kama ameamka akicheka, mwenye maumivu ya kifua au anayehema, namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, mapigo ya kasi yenye QRS pana, moyo uliozibika njia ya umeme kabisa. Huyo hapandi matatu.

Kama ni SVT ya QRS nyembamba na presha iko sawa, mketishe nusu-lala, apulize sirinji ya mililita 10 kwa nguvu sekunde 15, kisha mlaze chali mara moja na uinue miguu yake digrii 45 kwa sekunde 15 nyingine. Acha ECG ikichora muda wote huo.

Kliniki ya moyo, tena upesi: WPW, mtetemeko wa atria, mnong'ono wa moyo (sauti ya ziada unapousikiliza), au nyumbani kwao kuna aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40. SVT inayorudi pia iende, ila inaweza kungoja zamu.

Mapigo ya ziada, ECG safi, moyo mzima, muguka mwingi? Hiyo kazi yako. Mpe tarehe ya kurudi.

Hatua ya 5: Barua. Mistari mitano yatosha: tatizo lilianza lini na hudumu muda gani, anagonga vipi, alizimia au la, dawa na muguka, na unachomuuliza mtaalamu. Kwa mtetemeko wa atria, mimi huuliza wazi: "Aanze dawa ya kuzuia damu kuganda?"

Karatasi ya ECG itolewe fotokopi kabla hajaondoka. Ile ya mashine hufifia kwa joto, na ikikaa wiki mbili mkobani kwa jua hili la Mombasa, mtaalamu atapokea karatasi tupu.