Somo: Kukanda limfu kwa mjamzito aliyevimba miguu

Akina mama wa Moshi wananiuliza jambo hili kila wiki, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Limfu ni majimaji ya mwilini yanayopita katika mishipa yake na kurudi katika damu.

Pima presha kwanza. Ikiwa imefika 140/90, au uvimbe umepanda usoni na mikononi, au kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, usikandwe bali uende hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa hizo zaweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba.

Hatua ya kwanza: mama alale ubavu wa kushoto, mto ukiwa katikati ya magoti.

Hatua ya pili: avute pumzi ndefu mara tano. Tumbo halikandwi.

Hatua ya tatu ndiyo niliyoikosea. Mama wa kwanza nilimwanzia nyayoni nikapandisha kwa nguvu kama anayekanda misuli, na tulipomaliza paja lilikuwa zito kuliko mwanzo na ngozi imekuwa nyekundu. Anza kwenye mashimo yaliyo juu ya mitulinga (mifupa iliyo chini ya shingo), ambako limfu hurudi katika damu, kisha kinena, zilipo tezi zinazopokea limfu ya mguu. Vuta ngozi taratibu kwa vidole vilivyonyooka, kisha uiachie. Usitumie mafuta, kwa sababu vidole vitateleza badala ya kuivuta ngozi. Ngozi ikiwa nyekundu, umezidisha nguvu.

Hatua ya nne: paja, nyuma ya goti, shavu la mguu, kifundo, unyayo. Unashuka sehemu kwa sehemu, lakini kila mvuto unaelekea juu. Nafuu yake ni ya muda, hivyo utarudia.

Maswali

*Mama Kijacho:* Sijasoma yote. Nianzie nyayoni?
— Soma hatua ya tatu.

*Dada wa Pasua:* Umevimba mguu mmoja tu, una joto na unauma. Nikande dakika ngapi?
— Usiuguse. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali sasa hivi.

*Mjukuu wa Machame:* Shikamoo mama. Bibi hukanda wazazi kwa maji ya moto na nguvu nyingi. Tofauti ni nini?
— Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Bibi anatafuta misuli iliyochoka, lakini mishipa midogo ya limfu iko chini tu ya ngozi na ukiikandamiza inajifunga. Njia hii ilianzishwa na Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmaki, walipokuwa Ufaransa katika miaka ya 1930.

*Muuza ndizi Mbuyuni:* Mimi nakaa sokoni kutwa nzima.
— Pandisha miguu juu ya kreti tupu, chezesha vifundo mara kwa mara, na utembee kidogo kila wateja wanapopungua.