Seva za wingu: kuorodhesha migawo ya sera kwa terminali, zoni baada ya zoni

Apache2, programu ya kuonyesha kurasa za wavuti, ilirudi kwenye seva yetu mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimeiondoa kwa mkono wangu.

Nafanya kazi Nairobi, katika kampuni ndogo inayouza tiketi za mabasi ya masafa marefu. Ofisi iko orofa ya tatu karibu na Barabara ya Ngong, lakini seva zenyewe ziko Ubelgiji, katika kanda ya Google Cloud iitwayo europe-west1. Zilianzishwa huko kabla kanda ya Johannesburg, africa-south1, kufunguliwa mwaka 2024, na hakuna aliyepata nafasi ya kuzihamisha. Mimi nilizirithi kutoka kwa mtu aliyeondoka kazini na kuacha ukurasa mmoja na nusu wa maelezo.

Ijumaa moja jioni niliwasha upya seva ya pili baada ya kusasisha keneli, kiini cha mfumo endeshi. Dakika chache baadaye simu ya huduma kwa wateja ikaanza kulia. Abiria wa Kisumu na Mombasa walikuwa wakifungua ukurasa wa tiketi na kukuta maandishi ya "It works!", ule ukurasa ambao Apache huja nao kwenye Debian. Sisi hatutumii Apache. Tunatumia nginx, programu nyingine ya kazi ileile. Kumbe Apache ilikuwa imesakinishwa kimya kimya. Haikuonekana kwa sababu nginx ilikuwa imeshashika poti 80, mlango wa kurasa za wavuti, na seva ilipowaka upya Apache ikawahi poti hiyo kwanza.

Nikaiondoa kwa `apt purge apache2`. Asubuhi ikawa imerudi. Nikaiondoa tena, ikarudi. Mara ya tatu nilifungua `/var/log/apt/history.log` na kuusoma mstari kwa mstari. Kifurushi kilisakinishwa saa 00:11. Logi hiyo huandika kwa saa za seva, na seva yetu iko kwenye UTC, saa tatu nyuma ya Nairobi, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa tisa na dakika kumi na moja usiku, wakati sote tumelala. Mikono ilinitetemeka. Niliamini kuna mtu ameingia kwenye seva.

Hakuwa mtu. Ulikuwa mgawo wa sera.

Sera ni maelezo ya hali ambayo seva inapaswa kuwa nayo: kifurushi hiki kiwepo, faili hili liwe na maneno haya, skripti hii iendeshwe. Mgawo ndio unaosema sera hizo zishike seva zipi. Ndani ya kila seva kuna ajenti aitwaye `google-osconfig-agent`, anayeamka kila baada ya muda, anasoma sera zinazomhusu, na kurekebisha chochote kilichokwenda kombo. Sera ikisema apache2 iwepo, ukiiondoa yeye ataona imepungua na atairudisha. Anafanya kazi aliyotumwa. Shida ilikuwa kwamba aliyemtuma alishaondoka, na sisi tuliobaki hatukujua alimtuma nini.

Amri zote hapa ni za `gcloud`, zana ya terminali ya Google Cloud. Kabla ya kuorodhesha chochote, hakikisha uko kwenye mradi sahihi na kwa akaunti sahihi:

```
gcloud config get-value project
gcloud auth list
```

Nasisitiza hili kwa sababu mradi wa majaribio na mradi wa kazi mara nyingi hutofautiana kwa herufi chache tu, na mradi wa majaribio utakupa orodha tupu bila kukuonya. Akaunti yako nayo inahitaji ruhusa ya kusoma. Kwa kusoma migawo yenyewe, jukumu linalotosha ni `roles/osconfig.osPolicyAssignmentViewer`; kuorodhesha seva, zoni na ripoti kunahitaji ruhusa zake za kusoma. Usiombe jukumu la mhariri ili tu usome orodha. Ukikosa ruhusa utaona PERMISSION_DENIED, na hilo angalau ni jibu la wazi.

Kisha amri yenyewe:

```
gcloud compute os-config os-policy-assignments list --location=europe-west1-b
```

Niliiandika hivyo hivyo, kwa sababu maelezo niliyorithi yalisema seva zetu ziko zoni b, mojawapo ya sehemu ambazo kanda imegawanywa. Jibu likawa "Listed 0 items." Nikamwandikia mkubwa wangu kwamba hakuna sera yoyote kwenye seva zetu, na nikaendelea kumtafuta mwizi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyenifundisha kazi hii miaka ya nyuma. Nilimpigia simu jioni nikiwa steji, nikamsomea amri yote. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo seva inayosumbua iko zoni gani?" Nikanyamaza. Ilikuwa zoni c. Akasema, "Umebisha mlango mmoja wa ploti, hakuna aliyeitika, ukaenda kumwambia landilodi ploti nzima ni tupu."

Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili. Mgawo wa sera hukaa ndani ya zoni. Hauko kwenye kanda, wala hauko kwenye mradi mzima. Ukitaja zoni b unajibiwa kuhusu zoni b peke yake, na sifuri ya zoni b haisemi neno lolote kuhusu zoni c. Kwa hiyo usiulize zoni moja. Ziulize zote zenye seva zako, kwa mzunguko mmoja:

```
for z in $(gcloud compute instances list --format="value(zone.basename())" | sort -u); do
  echo "== $z"
  gcloud compute os-config os-policy-assignments list --location="$z" \
    --format="table(name.basename(),rolloutState,revisionCreateTime)"
done
```

Mstari wa kwanza unachukua zoni za seva zilizopo na kuondoa marudio. Mstari wa `echo` usiufute hata ukiona unajaza skrini: bila jina la zoni juu yake, "Listed 0 items." haina mwenyewe. Maneno hayo pia hayaingii kwenye faili ukielekeza matokeo kwa alama ya `>`. Yanabaki kwenye skrini, na bila `echo` faili linabaki tupu. Atakayelifungua kesho atajuaje kwamba uliuliza?

Mzunguko huo una pengo moja. Zoni iliyokuwa na seva zamani inaweza kuwa bado na mgawo unaosubiri, na siku utakapoanzisha seva mpya humo, itavikwa sera ambazo hukuzichagua. Kwa ukaguzi kamili, tumia orodha ya zoni za kanda badala ya orodha ya seva:

```
gcloud compute zones list --filter="name~^europe-west1-" --format="value(name)"
```

Angalia kistari cha mwisho baada ya namba 1. Ukikisahau utaletewa pia europe-west10 ya Berlin na europe-west12 ya Torino, kwa kuwa majina yao yanaanza vilevile. Na usishangae europe-west1 ikikuletea b, c na d bila a. Ndivyo ilivyo.

Nilipoendesha mzunguko, zoni b ilikuwa tupu, na zoni c ikatoa mstari mmoja: `web-msingi`, SUCCEEDED, pamoja na tarehe ya miezi mingi kabla sijaajiriwa. Nilikaa nikiutazama mstari huo kwa muda.

SUCCEEDED maana yake usambazaji wa mgawo umekamilika. Haimaanishi kwamba kila seva inatii sasa hivi. IN_PROGRESS ni kwamba bado unasambazwa, na ukitaka kuona inayosambazwa tu, ongeza `--filter="rolloutState=IN_PROGRESS"`. Tarehe iliyo kwenye `revisionCreateTime` nayo ni ya UTC, kwa hiyo ongeza saa tatu kabla hujailinganisha na kumbukumbu za watu wa hapa. Ukiwa na migawo mingi, `--sort-by=~revisionCreateTime` huleta mipya juu. Mkubwa akitaka jedwali la kufungua kwenye Excel, badilisha neno `table` liwe `csv`.

Orodha inakupa jina tu. Kujua mgawo unafanya nini, uliza undani wake:

```
gcloud compute os-config os-policy-assignments describe web-msingi --location=europe-west1-c
```

Yatakuja maandishi marefu. Mimi husoma sehemu mbili kwanza. Ya kwanza ni `instanceFilter`, inayosema nani anaguswa. Ukikuta `all: true`, kila seva ya zoni hiyo imo. Ukikuta `inclusionLabels`, soma kwa makini: lebo zilizo ndani ya fungu moja lazima seva iwe nazo zote, lakini mafungu yakiwa mengi, kutimiza moja kunatosha. Mgawo wetu ulikuwa na fungu moja lenye lebo moja, `kazi: web`, na mimi mwenyewe ndiye niliyeibandika lebo hiyo kwenye seva ya pili wiki ile, ili bili zisomeke vizuri. Ndiyo sababu Apache haikuwahi kuonekana kabla.

Sehemu ya pili ni `mode` ya kila sera. VALIDATION hukagua na kuripoti bila kugusa kitu. ENFORCEMENT hurekebisha. Yetu ilikuwa ENFORCEMENT, na chini yake kifurushi apache2 chenye `desiredState: INSTALLED`.

Kama mgawo umebadilishwa mara kwa mara, `list-revisions` badala ya `describe` itakuonyesha matoleo yake. Na kujua seva moja inasemaje kuhusu migawo inayoihusu, kuna amri nyingine:

```
gcloud compute os-config os-policy-assignment-reports list \
  --location=europe-west1-c --instance=tiketi-2
```

Hiyo `tiketi-2` ndiyo seva yetu ya pili. Ripoti ikisema COMPLIANT, seva inafuata sera. Kwangu, neno hilo lilikuwa ndilo lililoeleza usiku wangu wote: seva ilikuwa inatii kikamilifu. Ikisema UNKNOWN, ingia ndani ya seva uangalie kama ajenti yuko hai, kwa `systemctl status google-osconfig-agent`, kisha uhakikishe `enable-osconfig` kwenye metadata, yaani mipangilio ya seva, imewekwa TRUE.

Nilimwandikia mkubwa barua ya pili, nikafuta maneno yangu ya kwanza na kumbandikia orodha ya zoni zote tatu, pamoja na zile zilizokuwa tupu. Alipokubali, nikaufuta mgawo:

```
gcloud compute os-config os-policy-assignments delete web-msingi --location=europe-west1-c
```

Kufuta mgawo hakuondoi kilichokwisha kusakinishwa. Kunamzuia ajenti asikirudishe tu. Kwa hiyo nilingoja amri imalize, nikaendesha mzunguko tena kuthibitisha zoni c ni tupu, ndipo nikaingia `tiketi-2` na kuandika `apt purge apache2` kwa mara ya nne. Asubuhi yake, kabla hata ya chai, nilifungua `history.log`. Mstari wa mwisho ulikuwa ni wangu.