Kusahihisha tahajia katika Wikipedia ya Kiswahili bila kuharibu makala

Makosa yanayodumu miaka ni yale yaliyojificha ndani ya neno halali. "Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ni fahali ya Mombasa." Programu ya kukagua tahajia kwa orodha ya maneno haitalishika hilo, maana fahali ni neno, ila ni ng'ombe dume; lililokusudiwa ni fahari. Ndivyo ilivyo kwa dhana na zana, thamani na samani, mahali na mahari, ili na hili. Basi soma makala kwa sauti kabla ya kugusa chochote. Aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa anazitamka dh, th na gh kila siku, na sikio lake litakwama pale jicho linapopita.

Ukilipata kosa, litafute kwa alama za kunukuu kwenye kisanduku cha kutafutia, uone makala nyingine zilizoambukizwa. Rekebisha moja moja. Ukibadilisha "ili" zote kuwa "hili" kwa mkupuo, umeharibu kila "ili apate".

Ritifaa, ile alama ya juu katika ng'ombe, inasumbua kuliko yote. Simu nyingi huweka iliyopinda badala ya iliyonyooka, na kwa mtambo ng’ombe na ng'ombe ni majina mawili: kiungo kinabaki chekundu ilhali makala ipo. Ukiibonyeza mara mbili, maandishi yanalala mlazo hadi mwisho wa aya, kwa kuwa ritifaa mbili ndizo amri ya hati mlazo.

Usiguse jina la faili la picha hata likiwa na kosa, kwani picha itatoweka. Usiguse pia anwani za tovuti wala nukuu. Shairi la Kimvita, lahaja ya Mombasa, likisema mato, liache. Kuliandika macho ni kumpokonya mshairi lugha yake. Kweli Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiliteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji wa Kiswahili mwaka 1928, tena hapa hapa Mombasa, lakini usanifu huo ni wa maelezo ya makala.

Kosa likiwa kwenye jina la makala, usinakili maandishi kwenda ukurasa mpya, maana historia ya waandishi itabaki nyuma. Hamisha ukurasa, jina la zamani litaendelea kumwelekeza msomaji. Akaunti changa haina ruhusa hiyo, kwa hiyo omba kwenye ukurasa wa majadiliano.

Kabla ya kuhifadhi, tazama tofauti za mabadiliko, kisha kwenye muhtasari andika "fahali kuwa fahari", si "marekebisho" tu, ili anayekagua asilazimike kusoma makala nzima kutafuta ulichogusa.