Rafu ya Burudani: Kumfanya Mwanafunzi wa Chuo Asome Kitabu Kisicho na Mtihani

Ingia maktaba ya chuo saa nne asubuhi, katikati ya semista. Viti vimejaa. Lakini karibu kila aliyeketi ana madesa yake (notisi za kozi), kompyuta mpakato yake na chaja yake. Vitabu vya maktaba vimetulia rafuni. Wanafunzi hawa hawana haja ya kuhamasishwa waje maktaba, maana wameshafika. Kinachotakiwa ni riwaya iwafuate pale walipoketi. Mkutubi mmoja na msaidizi wake wanaiweza kazi hii ndani ya wiki mbili, bila kununua hata kitabu kimoja.

Anzeni na vitabu mlivyonavyo. Kwa maktaba inayopanga vitabu kwa mfumo wa namba wa Dewey, fasihi ya Kiswahili iko 896.392, kwa inayotumia mfumo wa Library of Congress, nendeni karibu na PL 8704. Toeni vitabu 60 vya kuweka kwenye rafu moja ya burudani, yaani vya kusomwa kwa raha tu. Kila kimoja kiwe na kurasa zisizozidi 200, herufi zinazosomeka bila kukaza macho, na jalada ambalo halijachanika. Kuhusu kurasa tunasisitiza: mwanafunzi aliyeacha kusoma riwaya tangu sekondari akikabidhiwa kitabu cha kurasa 450, atakirudisha akiwa amefika ukurasa wa 30, na hatachukua kingine. Kitabu chembamba anakimaliza, na raha ya kumaliza ndiyo inayomrudisha dawatini kuazima cha pili.

Kosa kubwa hufanyika hapa kwenye uchaguzi. Wakutubi wengi hujaza rafu hiyo riwaya na tamthilia zilizokuwa vitabu teule vya kidato cha nne na cha sita, kwa kuwa ni kazi nzuri na nakala zake ni nyingi. Ni kazi nzuri kweli. Lakini kijana akiona jalada lile anakumbuka "jadili dhamira tatu", anakumbuka chumba cha mtihani, na mkono unarudi mfukoni. Wekeni vitabu vya namna hiyo visivyozidi vitano. Nafasi iliyobaki ipeni hadithi za upelelezi, mapenzi, hadithi fupi, mashairi, wasifu wa watu, katuni, michezo, hata mapishi. Na kwa vyuo vya Tanzania, ambako mihadhara na mitihani ya kozi nyingi ni kwa Kiingereza, theluthi mbili ya rafu, yaani vitabu 40, iwe Kiswahili. Mtu aliyeshinda na Kiingereza kutwa nzima anastahili kupumzika kwa lugha yake.

Mahali pa kuweka rafu ni kati ya mlango na meza zenye soketi za umeme. Ghorofa ya pili, nyuma ya majarida, haifai kabisa. Rafu ya vibao vitatu vyenye upana wa sentimita 90 inatosha. Vibao viwili vya juu, vilivyo usawa wa macho, vibebe vitabu vilivyogeuzwa jalada litazame watu. Kitabu cha kawaida kina upana wa sentimita 13 hivi, kwa hiyo kila kibao kinachukua sita, jumla 12. Vile 48 vinavyobaki visimame kwa mgongo kwenye kibao cha chini. Vikiwa na unene wa sentimita moja na nusu vinatumia sentimita 72. Kila asubuhi jazeni mapengo ya juu kwa kupandisha vya chini.

Kabla hamjahamisha chochote, badilisheni taarifa za mahali kitabu kilipo kwenye katalogi. Koha, mfumo wa kompyuta unaotumika katika maktaba nyingi za vyuo, inaruhusu kubadilisha taarifa za nakala nyingi kwa mkupuo, kwa hiyo vitabu 60 si kazi ya siku nzima. Mkiruka hatua hii, msomaji ataelekezwa na katalogi kwenda ghorofa ya pili, hataona kitu, na atawaambia wenzake kitabu kimeibwa.

Sasa kadi za kuvinadi vitabu hivyo. Kateni manila vipande vya sentimita 7 kwa 10, kisha mwombeni mwanafunzi aliyesoma kitabu aandike kwa mkono wake maneno yasiyozidi 25. Msimruhusu afanye muhtasari. Kadi nzuri husomeka hivi: "Anza ukurasa wa 41, mlango unapogongwa usiku. Nilikosa daladala mbili nikisoma. Mwaka wa pili, Ualimu." Kadi iliyochapwa kwa kompyuta na kupigwa mhuri wa maktaba haifanyi kazi hiyo, kwani hufanana na tangazo la ada.

Kuna kikwazo ambacho wakutubi hawakioni kwa sababu wamekizoea: faini. Mwanafunzi anajua kwamba mwisho wa masomo lazima maktaba imsainie fomu ya klialensi, kuthibitisha kwamba hadaiwi. Kwa kitabu cha kozi atajitosa, lakini kwa riwaya ataona hasara bure. Pelekeni hoja kwenye kamati ya maktaba kwamba vitabu vya rafu hii viazimwe kwa siku 21, viongezewe muda kwa simu, na visitozwe faini ya kuchelewa. Aliyepoteza alete kitabu kingine cha aina hiyo. Vitabu vichache vitapotea. Kwa maoni yetu, kitabu kinachozunguka hosteli mwaka mzima kina faida kuliko kilichokaa salama kikila vumbi.

Mkitaka kikundi cha wasomaji, kiwe cha watu 8 hadi 12, dakika 45, kwenye kona ya maktaba. Dakika 20 za mwanzo kila mtu asome kimya kitabu chake, halafu mazungumzo. Kiongozi awe mwanafunzi. Mhadhiri akikaa mbele, kikao kinageuka semina na watu wanaanza kusaka "fani na maudhui". Anzeni wiki ya tatu ya semista, mkisimama wiki za test na UE (mitihani ya mwisho wa semista).

Kwa wanaosoma kwenye simu, bandikeni msimbo wa QR unaofungua moja kwa moja kitabu cha kielektroniki ambacho maktaba ina haki ya kukitoa. Msiupeleke kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti, maana watu wataishia hapo. Na msisambaze PDF za riwaya kwenye magrupu ya WhatsApp: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inamlinda mwandishi, na wengi wa waandishi hao wanategemea nakala chache tu zinazouzwa.

Kuhesabu mikopo ya vitabu peke yake kutawadanganya, kwa sababu wengi watasoma palepale mezani. Wekeni kibao kinachosema "Ukimaliza, acha kitabu mezani". Jioni kusanyeni, andikeni alama moja kwa kila kitabu kwenye daftari, kisha mrudishe. Kila wiki mbili angalieni daftari hilo pamoja na mikopo. Kitabu kilichokaa wiki sita bila kuguswa kirudi kwenye rafu yake ya zamani, na kilichoazimwa mara tatu kitafutiwe nakala ya pili.