Kabla fomu hazijatoka: kumwandaa mwanamke agombee kitongoji au kijiji mkoani Tabora

Uchaguzi wa serikali za mitaa huja kila baada ya miaka mitano, na mara ya mwisho watu walipiga kura tarehe 27 Novemba 2024. Kwa Urambo, Kaliua na Sikonge, Novemba ni mwezi wa mvua za kwanza: miche ya tumbaku inatoka kitaluni kwenda kwenye matuta, na mama hana hata nusu saa ya kukaa. Anayesubiri tangazo ndipo aanze kujiandaa ameshachelewa. Mpe miaka mitatu.

Anzeni na kitongoji

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na sheria inataka robo yao wawe wanawake. Nafasi hizo ni shule nzuri, ila watu wakishamzoea mama kwenye kiti cha wanawake hawamwoni tena penginepo. Mwenyekiti wa kitongoji huingia halmashauri kwa cheo chake, na eneo lake ni dogo kiasi kwamba mgombea anaweza kufika kila mlango. Viti maalum si vibaya, mradi mtu ajue anatoka lini. Margaret Sitta na Magdalena Sakaya walipitia viti maalum bungeni, kisha mwaka 2015 wakashinda majimbo, mmoja Urambo na mwingine Kaliua.

Ajulikane kwa hesabu

Kamati za kijiji ndizo zinazomtengeneza mgombea: jumuiya ya watumia maji, kamati ya shule, bodi ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), baraza la ardhi la kijiji. Hilo la ardhi lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Asikubali kuwa mjumbe wa kujaza idadi, wala yule anayekumbukwa wageni wakifika na chai inahitajika. Atafute uhazini, hasa wa maji. Kijijini mtu hupimwa kwa fedha za watu alizoshika na zikaonekana.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo pa kusoma mapato na matumizi ya kamati yake. Aandike mistari minne kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene: salio la mwanzo, makusanyo, matumizi, salio lililobaki. Dakika tano zinatosha, kisha akaribishe maswali. Wanaoharibu ni wale wanaosoma stakabadhi moja moja hadi watu wanaanza kuondoka. Mwishowe kinachokumbukwa ni kwamba aliwachosha.

Hoja ya mwanamke mmoja mkutanoni hupotea kirahisi, halafu baada ya robo saa mzee fulani anaitoa upya na inapigiwa makofi. Dawa yake ni watatu kupangana mapema. Wa kwanza anatoa hoja. Wa pili anaiunga mkono na kumtaja aliyeitoa. Wa tatu anaomba iandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata anauliza imefikia wapi. Wakae mbele, si pembeni chini ya mwembe. Kama mikutano huitishwa saa kumi na moja jioni, wakati wa maji na kuni, ombeni saa nane mchana. Na miezi ya kukausha tumbaku msitegemee mahudhurio, kwa sababu moto wa bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, hauachwi peke yake.

Chama

Tanzania hakuna mgombea binafsi, kwa hiyo hata kitongoji kinahitaji udhamini wa chama. Ada ya uanachama ilipwe na risiti itunzwe. Mgombea ahudhurie vikao vya tawi muda mrefu kabla ya kura za maoni, ambazo chama huzitumia kumteua mgombea wake, maana wapigaji wa kura hizo ni wachache na wanajuana. Wengi wanaangukia hapa, si kwenye sanduku la Novemba.

Akiitwa "kuzungumza" peke yake usiku au nyumba ya wageni, asiende. Apendekeze ofisi ya chama mchana, aende na mwenzake. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa bure kwa namba 113.

Daftari na hesabu ya kura

Kosa linalorudiwa kila mara ni kudhani kadi ya mpiga kura ya uchaguzi mkuu inatosha. Haitoshi. Uchaguzi wa mitaa una orodha yake, na mkazi hujiandikisha upya kwenye kitongoji chake. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba tu. Mgombea anaweza kupendwa na kitongoji kizima, lakini mashabiki wake wakawa shambani siku zote kumi.

Tuchukue kitongoji chenye kaya 150 na watu 300 walioandikishwa. Wakijitokeza 240 na wagombea wakiwa wawili, kura 121 zinatosha. Tafuta akina mama watano, kila mmoja achukue kaya 30 na daftari dogo. Kwa kila kaya aandike nani amejiandikisha, nani bado, nani yuko upande wetu na nani bado anasitasita. Wiki ya uandikishaji wapite alfajiri kabla watu hawajaenda shamba. Kampeni yenyewe ni fupi, mwaka 2024 ilikuwa siku saba, hivyo anayesubiri kampeni ndipo ajitambulishe hana muda.

Fedha za bodaboda, vocha na chakula cha mawakala zitengwe tumbaku inapolipwa. Novemba mfukoni hamna kitu, na anayekopa wakati huo hujikuta anadaiwa hadi kauli. Nyumbani nako wakubaliane mapema na baba watoto nani atabaki na nini. Kikao cha kwanza cha usiku si mahali pa kuanzia mjadala huo.

Fomu

Mgombea awe na miaka 21 au zaidi, mkazi wa eneo hilo, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na kipato halali na adhaminiwe na chama. Kinachowaangusha watu ni vitu vidogo: jina la fomu halifanani na la kwenye orodha (Mwajuma Hamisi hapa, Mwajuma H. Juma kule), nafasi iliyoachwa tupu, sahihi au muhuri wa chama uliosahaulika. Piga nakala kwanza, jaza nakala, mwingine aikague, ndipo ujaze fomu halisi. Irudishwe siku ya kwanza, si ya mwisho, ili kosa likionekana muda uwepo. Kanuni hutolewa upya kila uchaguzi, basi chukua za mwaka husika kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi na usome hasa muda wa pingamizi na rufaa. Huhesabiwa kwa siku chache sana.

Uvumi utakuja: ndoa yake, watoto wake, na kwa mama mtu mzima huku kwetu hata uchawi. Asijibu jukwaani. Wale akina mama watano wenye kaya 30 kila mmoja ndio watakaojibu, mlango kwa mlango, na lugha za vitisho zipelekwe dawati la jinsia la polisi siku hiyo hiyo.

Siku ya kura, kila kituo kiwe na wakala aliyekula asubuhi, mwenye kalamu na tochi. Asitoke hadi kura zihesabiwe mbele yake, na idadi aiandike mwenyewe kabla ya kusaini chochote.