Kartoni ya kuchorea kutokana na makaratasi yaliyokwisha tumika

Hapa Goma karatasi iliyotumika haikosekani. Kinachokosekana darasani ni kartoni ngumu ambayo mtoto anaweza kuichorea, kuipaka rangi na kuibandikia vitu bila kukunjamana. Darasa langu lina watoto arobaini, nami tangu zamani niliacha kununua kartoni ya dukani, kwa sababu tunaitengeneza wenyewe kwa kuunganisha karatasi tano za fotokopi kwa gundi ya muhogo. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5 hivi, kwa hiyo karatasi 200 zinazohitajika kwa darasa zima ni kilo moja tu.

Hatua ya kwanza ni kuchambua, na kazi hii mwalimu aifanye mwenyewe kabla makaratasi hayajafika mikononi mwa watoto. Mwaka mmoja niliipuuza, nikaweka mezani rundo nililopewa na ofisi fulani, na kabla ya dakika tano mtoto mmoja alikuwa akiwasomea wenzake kwa sauti orodha ya mishahara ya watu. Tangu siku hiyo, chochote chenye majina, alama za mtihani au namba za simu hakiingii darasani. Ondoa pini za stepla, na utupe risiti zile laini zinazoweka alama nyeusi ukizikwaruza kwa ukucha, kwa kuwa dawa iliyopakwa juu yake huhamia kwenye ngozi. Mfuko wa simenti ni karatasi nzuri ya kaki, lakini chukua tabaka za katikati tu, maana vumbi la simenti huunguza ngozi, hasa ikiwa imelowa. Mwisho, gusa maandishi kwa kidole kilicholowa maji: wino ukichafuka, karatasi hiyo itaipaka gundi yote rangi, basi iweke kando.

Hatua ya pili ndiyo wengi huiruka, kisha wakashangaa kartoni yao imejikunja kama ganda la ndizi juani. Nyuzi za karatasi hulala upande mmoja, na zikilowa hutanuka kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. Ili kujua zimelala wapi, chana karatasi moja kutoka juu kwenda chini, kisha nyingine kutoka kushoto kwenda kulia: mchano unaonyooka unafuata nyuzi, na ule unaopinda ovyo unazikata. Katika A4 nyuzi mara nyingi hufuata upande mrefu. Chora mshale mdogo kwa penseli kwenye kila karatasi, ndipo uipunguze iwe mraba wa sentimita 21. Bila mshale huo mraba hautakuambia tena nyuzi zinaelekea wapi. Rula haihitajiki: leta kona moja ya juu hadi ukingo wa pili, kunja, kisha kata kipande kinachobaki. Vipande hivyo, vya upana wa sentimita 8.7, vitunzwe kwa kazi ya kubandika picha.

Kwa gundi, chekecha unga wa muhogo kwa kitambaa, uukoroge kikombe kimoja katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha umimine taratibu katika vikombe vinne vya maji yanayochemka juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, huku ukikoroga bila kupumzika. Gundi imeiva pale weupe wa uji unapofifia na kuanza kung'aa. Iache ipoe kabisa. Baada ya siku mbili huchacha, na harufu yake watoto hawaisahau.

Kisha panga tabaka: mishale ya karatasi ya kwanza, ya tatu na ya tano ielekee upande mmoja, ya pili na ya nne ikatize, ili kila tabaka iizuie jirani yake kuvuta. Zilizoandikwa pande zote mbili ziwe katikati. Za juu na chini ziwe na uso mweupe nje. Paka gundi nyembamba, ukisukuma hewa kwa kiganja kutoka katikati kwenda kingoni. Watoto hupenda kumwaga gundi nyingi, na hapo ndipo ninapokuwa mkali.

Weka kartoni kati ya karatasi za plastiki na mbao mbili, kisha juu pakia mawe ya volkano, ambayo mjini kwetu hayatafutwi. Yasiguse kartoni yenyewe, kwa kuwa mashimo na meno yake hutoboa. Kesho yake toa plastiki, weka makaratasi makavu mahali pake na urudishe mawe. Katika miezi ya mvua nabadilisha makaratasi hayo mara mbili au tatu. Kartoni iliyokauka hutoa sauti kavu ukiigonga kwa ukucha. Ikitoa sauti butu, irudi chini ya mawe.