Sanduku la zamani la gari la mashindano: jinsi ya kulifufua Lubumbashi

Kabla ya kuagiza sanduku jipya la gari dogo la kuunganisha kutoka ng'ambo, shusha lile ulilolitupa juu ya kabati tangu ujana. Magari madogo ya kuunganisha hutengenezwa kwa polistireni, plastiki ambayo haiozi. Bodi iliyoachwa nusu miaka ishirini iliyopita bado inajengeka. Kinachozeeka ni matairi, vibandiko na gundi, na huko ndiko kazi yako inakoanzia.

Mfano wetu hapa ni Datsun 240Z ya kipimo cha 1/24 (ndogo mara 24 kuliko gari la kweli), ile nyekundu yenye boneti nyeusi ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally, mbio za magari za Afrika Mashariki, ya mwaka 1971. Kampuni ya Kijapani ya Hasegawa ilitoa sanduku lake. Gari lenyewe lilikuwa na urefu wa zaidi kidogo ya mita nne, kwa hiyo mezani linakuja kama sentimita 17. Kwa gari jingine lolote la polistireni hatua ni zile zile.

Anza na matairi. Matairi laini ya vinili hutoa mafuta polepole, na mafuta hayo huyeyusha polistireni iliyoguswa. Ukikuta tairi limelala juu ya kioo au chasi, litakuwa limeacha alama iliyozama. Kioo kilichoharibika hivyo hakisafishiki. Kata kingine kwenye plastiki angavu ya kifungashio cha keki. Chasi inazibika. Chukua vipande vya fremu iliyoshika sehemu za gari, vikatekate vidogo, vitie kwenye chupa ndogo ya kioo, mimina tina (kiyeyusho) ya rangi ya magari hadi vifunikwe tu, uache usiku mzima. Utapata uji mzito kama asali. Paka kidogo kidogo, kwa sababu ukijaza shimo mara moja uji unanywea ukikauka na kuacha bonde lingine. Subiri siku mbili, kisha piga msasa namba 400, halafu 800. Uji huo huo unaunganisha sehemu, maana gundi ya zamani itakuwa imekauka kwenye chupa yake. Fungua madirisha unapoutumia, na mbabula (jiko la mkaa) isiwe karibu: mvuke wa tina unashika moto. Mwishoni, kabla ya kuvalisha matairi, paka rimu rangi ili vinili isiguse plastiki tupu.

Kama bodi ilishapakwa rangi vibaya enzi zile, iloweke kwenye mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kwa saa 24, ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko. DOT 5 ya silikoni haitoi kitu. Vaa glavu, sugua kwa mswaki mkuukuu, osha kwa sabuni ya vyombo. Usijaribu petroli wala tina kutoa rangi: bodi itaondoka pamoja na rangi. Kromu iliyobabuka kwenye bampa na rimu hutoka kwa maji ya javeli (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) kwa chini ya saa moja. Ikiwa bodi imepinda kwa joto la chini ya mabati, itie kwenye maji ya moto yasiyochemka, inyooshe kwa vidole, kisha itie kwenye maji baridi ukiwa bado umeishika.

Sasa rangi, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Makopo ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye mizigo ya kawaida ya ndege, kwa hiyo usingoje ya kuagiza. Nunua ya magari kwenye kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi), au kwenye soko la Kenya (komini ya mji wetu, si nchi ya Safari). Rangi hizo ni kali kwa polistireni: ukipuliza moja kwa moja, uso unatoka mikunjo midogo kama ngozi ya mzee. Kwanza piga rangi ya msingi ya kijivu, pazia (tabaka) mbili nyembamba kutoka sentimita 25, dakika 15 kati yake. Sugua polepole kwa msasa 1000 na maji. Halafu rangi nyekundu: pazia tatu nyembamba, na ya nne nzito kidogo ndiyo inayoleta mng'ao. Ikiwa msingi hauzibi vizuri, nyekundu itaonekana na mabaka.

Msimu una neno lake. Wakati wa mvua, Novemba hadi Machi, hewa yenye unyevu huacha ukungu mweupe juu ya rangi. Puliza mchana jua likiwaka, si asubuhi wala baada ya mvua. Oktoba joto linakausha rangi kabla haijafika, na uso unakuwa wa vipele. Sogea hadi sentimita 18. Kiangazi hewa ni kavu na nzuri, ila vumbi jekundu linaingia kila mahali. Mwaga maji sakafuni kwanza, na funika bodi kwa ndoo safi mara tu unapomaliza. Subiri wiki nzima. Nusa: ukisikia harufu, bado haijakauka.

Boneti nyeusi inahitaji skochi ya karatasi (utepe wa kubandika) ya kufunika sehemu zitakazobaki nyekundu. Bandika, bonyeza ukingo kwa kucha, kisha pitisha pazia jembamba la nyekundu ile ile ukingoni kabla ya nyeusi. Nyekundu itaziba nyufa za skochi na mstari utatoka mkali.

Vibandiko vya maji vikishakuwa vya njano, vitie kwenye mfuko angavu na uubandike mfuko huo dirishani palipo na jua kwa wiki moja au mbili. Chunguza kila siku mbili, jua lisije likafifisha nyekundu. Kisha jaribu kimoja usichokihitaji. Kikivunjika majini, puliza karatasi nzima vanishi pazia mbili, acha siku moja, halafu kata kila kibandiko karibu na mchoro wake, kwani vanishi imeshaunganisha vyote. Bodi lazima iwe inang'aa kabla ya kubandika: uso uliofifia unanasa hewa chini, na namba 11 ya gari hilo la mashindano itang'aa fedha pembeni. Tone la siki nyeupe iliyochanganywa na maji hulainisha kibandiko kwenye mapindo.

Kwa nyaya za injini, tembelea mafundi wanaosuka mota kwa waya wa shaba. Katika mji wa shaba ni ajabu kununua waya wa kuigiza. Nyaya za plagi kwenye gari la kweli zina milimita 7 hadi 8, kwa hiyo kwa 1/24 unataka waya wa milimita 0.3. Mkanda wa kiti wa milimita 50 unakuwa milimita 2. Ukanda wa karatasi ya alumini unatosha. Kopo la kinywaji lina unene wa takribani milimita 0.1, linafaa kwa bamba la kukinga injini.

Vumbi la Safari limejaa uani kwako. Kausha udongo mwekundu, upepete kwa soksi ya nailoni: punje ya milimita 0.1 tayari ni changarawe ya milimita 2.4 kwa kipimo hiki. Changanya majivu kidogo kuupausha, paka kwa brashi nyuma ya magurudumu na chini ya milango, kisha vanishi isiyong'aa kwa mbali. Vioo vifuate baada ya hapo, kwa gundi nyeupe ya mbao tu. Gundi ya haraka huvitia ukungu usiotoka.